Saini ya Marehemu Balbina

Mabati ya nyumba ya Mzee Valeriani pale Lupiro yalikuwa hamsini na mawili, na yeye alikuwa anajua kila moja lilikotoka. Yale ya mbele aliyanunua mwaka ule mpunga ulivyokubali mpaka ndege wakashiba wakaacha. Ya nyuma aliyanunua Balbina, mke wake, kwa pombe aliyopika misimu mitatu. Wakati huo daraja hakuna, Kilombero unavuka kwa kivuko, na kivuko chenyewe kikiamua kulala kinalala. Waliyatoa Ifakara kwa baiskeli, mabati yamefungwa kwenye keria, mzee ameshika usukani, Balbina nyuma ameshika mkia, maana bati likishika upepo linakupeleka linakotaka lenyewe. Walitembea hivyo siku nzima wanagombana. Balbina anasema nenda taratibu, mzee anasema wewe ndiyo unavuta. Wakafika wamenuniana, wakaezeka wamenuniana, na mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati wakajikuta wanacheka wenyewe mle ndani.

Basi ya mabati tuyaache hapo kwanza.

Mtoto wao Faustino alienda kukata miwa Kidatu akabaki huko huko. Binti yake, Careen, akalelewa na bibi Lupiro mpaka darasa la saba. Mtoto ana akili huyo, usiseme. Na utani wake na babu yake ulikuwa unajulikana kijiji kizima. Mjukuu wa kike kwa babu ni mke, ndivyo tulivyokuta, basi Careen akija likizo anaanzia barabarani: mume wangu, huyo mwanamke mzee bado hujamfukuza tu? Balbina naye anajibu toka jikoni, karibu mke mwenzangu, kuni zile pale, kapike wewe mwenye nguvu. Mzee katikati anacheka mpaka anakohoa. Kwa jina la ubatizo hajawahi kumwita hata siku moja. Alikuwa anamwita Mke Mdogo, mpaka watu wengine wakadhani ndiyo jina.

Careen akasoma mjini, kazi za kompyuta. Mwaka juzi akarudi na jambo.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Wakulima wa Lupiro wanavuna mpunga mwezi wa sita wote kwa pamoja, na kwa sababu hakuna pa kuuweka, wote wanauza kwa pamoja. Wanunuzi wanalijua hilo. Wanakuja na lumbesa zao, gunia limejazwa mpaka limeshonewa kilemba, bei ya gunia moja. Ukikataa, anakwambia kaa nao. Utakaa nao wapi, kitandani?

Careen akasema liko daftari jipya, la kwenye simu na kompyuta, watu wa mjini wanaliita blokicheni. Nakala yake iko kwa watu maelfu, ukiandika gunia lako leo hakuna wa kulifuta, si mwenyekiti, si mnunuzi, si serikali. Mkulima anaweka mpunga ghalani, unapimwa, unaandikwa humo, anauza bei ikipanda. Na wenye mtandao huo ni wageni wa nje, mtandao wao bado mchanga, haujulikani, kwa hiyo wanatafuta miradi ambayo nayo ni michanga, haijaota hata jani, wanaipa hela ya kuanzia. Mzee hilo alilielewa haraka kuliko wote. Akawaambia wenzake, ni kama mwenye gulio jipya. Wale mama vitumbua wa kwanza anawapa meza bure, ili moshi uonekane, watu waje.

Ila hela hiyo ilikuwa inapigiwa kura. Mradi wenye kura nyingi ndiyo unapewa, na kura inapigwa na mtu mwenye pochi yake kwenye simu. Hapo ndipo mzee alipoingia. Alipanda baiskeli nyumba kwa nyumba, wiki mbili, mguu umevimba, anawashawishi watu wafungue pochi. Watu mia moja na arobaini, wengine hawajui hata kuandika jina lao. Mayunga, yule Msukuma wa ng'ombe wengi, alikataa kabisa, akasema yeye daftari lake linakula majani na hakuna aliyelifuta. Mzee akakaa kwake mpaka jioni, wakanywa maziwa, Mayunga akatoa simu.

Apolonia ndiye alikuwa mgumu. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, rafiki wa Balbina toka usichana, mdomo wake haukuwa na kizuizi. Akauliza mbele ya watu, shemeji, na hili ghala likibaki kuta? Mzee akasimama. Mzee akisimama kwenye mkutano alikuwa na tabia ya kusema zaidi ya alichokusudia. Akasema ghala hili likikosa bati, mabati ya nyumba yangu yatashuka, mtayaweka ghalani kwa mikono yenu. Watu wakapiga makofi. Balbina hakupiga. Alimwangalia tu mumewe, akanusa ugoro wake.

Wakashinda. Hela ikaja, lakini si yote, inakuja kwa mafungu. Fungu la kwanza la kuta, mkijenga mnapiga picha mnawapelekea, ndipo linakuja la pili, la mbao, mabati na mizani. Na hela haikai kwa mtu. Inakaa kwenye sanduku la humo humo mtandaoni lenye funguo tatu, na halifunguki mpaka funguo mbili zikutane. Ufunguo wenyewe ni maneno kumi na mawili ya Kizungu kwenye karatasi. Aliye na maneno yale ndiye mwenye saini.

Ufunguo wa kwanza akapewa mzee, wa pili Careen. Wa tatu ulikuwa wa Apolonia, ilishakubaliwa hivyo. Careen akasema, lakini tumpe bibi, bibi haibiwi. Watu wakacheka, maana ni kweli, Balbina hata sindano yake ukiichukua anajua. Apolonia peke yake hakucheka. Akasema funguo zote tatu zinalala ukoo mmoja? Mzee akaona ametukanwa. Akamjibu kwamba nyumba yake haijawahi kuwa na mwizi tangu Mahenge walikotoka. Hapo ikapita.

Balbina karatasi yake hakuijua kichwa wala miguu. Akaikunja mara nne akaitia kwenye kopo lake la maziwa ya unga, mle anamoweka rozari, picha ya ndoa na ugoro wa akiba. Kopo likakaa kwenye sanduku la nguo, ufunguo wa sanduku shingoni.

Kuta zikapanda. Watu walifyatua tofali wenyewe, wakachoma wenyewe, kila jumuiya na siku yake, akina mama wanaleta maji na ugali. Mwezi wa tatu picha zikapelekwa, fungu la pili likaingia sandukuni. Na wiki hiyo hiyo kifua kikamshika Balbina.

Hakuugua siku nyingi. Siku ya nne akamwita mzee karibu, akamwambia lile kopo mpe Apolonia. Mzee akasema utampa mwenyewe ukiamka. Balbina akasema wewe mzee, kwa nini unapenda kubishana hata na mtu aliyelala. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye sauti.

Sasa msibani. Nyie mnajua msiba wa bibi ulivyo, wajukuu ndiyo watani, na mtani msibani hakatazwi kitu. Careen alifika na basi la asubuhi, amelia mpaka macho yamevimba. Lakini ilipofika saa ya utani alisimama kama mjukuu wa kweli. Akavaa gauni la bibi yake, la maua ya zambarau, akajifunga kitambaa kichwani, akashika fimbo. Akatembea ule mwendo wa Balbina, wa kuvuta mguu wa kushoto. Watu walipiga yowe la kicheko, na wengine wakalia upya, maana alikuwa ni Balbina amerudi. Akaja mbele ya mzee, akamnyooshea fimbo.

"Wewe mzee, umekaa tu hapo unakula wali wa watu. Kopo langu liko wapi? Nataka ugoro."

Mzee aliulizwa hivyo kila siku miaka arobaini na sita. Ile ile sauti. Machozi yanamtoka, anacheka, akaingia ndani, akafungua sanduku la nguo kwa ule ufunguo waliouvua shingoni kwa marehemu, akamletea kopo kwa mikono yake miwili. Careen akalichukua, akatangaza kwamba halirudi bila kukombolewa, akaondoka nalo nyuma ya jiko kwenda kunusa. Watu wakasikia chafya huko nyuma, moja, mbili, tatu, kama za Balbina. Wakafurahi sana. Mzee akatoa jogoo, kopo likarudi. Akalifungua akaangalia: rozari imo, picha imo, karatasi imo imekunjwa mara nne. Akashukuru Mungu kwa kumpa mjukuu wa namna ile.

Walimzika saa tisa. Careen akaondoka kesho yake, akasema kazini hawampi siku.

Kikundi kikakubaliana kusubiri. Huwezi kwenda kununua mabati mtu ndiyo kwanza kazikwa. Wiki tatu zikapita, mzee akakumbuka neno la marehemu, akampelekea Apolonia kopo. Apolonia akatoa karatasi tu, lile kopo akalirudisha, akasema rozari ya rafiki yangu kaa nayo wewe. Wakapanga safari ya Ifakara, kwa Teddy.

Teddy ni binti mwenye duka la simu karibu na stendi, ndiye aliyewafungulia watu pochi zao, mwaminifu, anaongea taratibu. Aliwaamkia, akawapa viti, akawaletea soda. Karatasi ya mzee na karatasi ya Balbina zikawekwa mezani. Funguo mbili zinatosha, Careen simu yake ilikuwa haipatikani. Teddy akaandika maneno, akangoja, akaandika tena. Mzee alikuwa anamweleza Apolonia habari za mabati, kwamba ya geji nyembamba wasikubali, yanapiga kelele kama debe. Teddy akageuza kioo cha kompyuta.

"Mzee wangu, humu hamna kitu."

Mzee akadhani mtandao. Ifakara mtandao ukiona mvua unakata. Teddy akasema si mtandao. Hela imetoka yote, kwa mara moja, na daftari linaonyesha siku na saa, halifutiki, mtu yeyote duniani anaweza kuona. Akasoma tarehe. Apolonia akahesabu kwa vidole, akaacha katikati, akaweka mkono chini.

"Ni siku tuliyozika," Apolonia akasema.

"Saa kumi na dakika ishirini jioni," Teddy akasema. "Funguo mbili. Ametia saini Careen." Akarudi kusoma kioo. "Na ametia saini Balbina."

Wakakaa. Nje pikipiki zinapita, mtu anauza maji. Balbina alikuwa ana saa nzima na dakika ishirini chini ya udongo, mzee mwenyewe alirusha mchanga wa kwanza, halafu katoka ametia saini. Mzee akawa anajaribu kukumbuka saa kumi ile watu walikuwa wanafanya nini. Akakumbuka. Akina mama walikuwa wanagawa chakula, na Careen alikuwa amekaa upande wa mgomba peke yake na simu, bado amevaa gauni la zambarau. Yeye mzee alimpelekea sahani. Alimwambia kula, Mke Mdogo, usijiue kwa kulia.

Apolonia, yule mwenye mdomo, hakusema niliwaambia. Alimshika mzee mkono wakavuka barabara kama anamvusha mtoto, na kwenye gari mpaka wanapita daraja hakusema kitu. Mzee akaona heri angetukanwa.

Careen alipokea simu siku ya tatu. Mzee alikuwa ameweka sauti ya nje, Apolonia yuko pembeni, maana mzee alisema kuanzia sasa hasikilizi kitu cha kikundi peke yake. Careen hakukataa. Alieleza vizuri, kama anavyoeleza siku zote. Hela haijaibiwa, babu. Wale wafadhili hawataki ghala, ghala ni hadithi ya kuanzia, wanataka kitu kinachokua. Yeye na wenzake wawili mjini wamefungua kampuni, mradi mkubwa, hela imeingia humo, na mradi huo ukifanikiwa huko mtandaoni basi Lupiro watapata mara kumi. Angeomba ruhusa, lakini mikutano yenu babu, mpaka mmalize kusalimiana nafasi imeshafungwa.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kitu kimoja.

"Siku ile ulivyovaa gauni la bibi yako, ulikuwa unamlilia au ulikuwa unatafuta kopo?"

"Vyote, babu," Careen akasema. "Vyote viwili."

Mzee akabonyeza kuzima. Alichukua muda kukipata kile kitufe.

Teddy aliwaandikia wenye mtandao, akaeleza yote, mpaka habari za utani, maskini, sijui Mzungu atauelewaje utani. Wakajibu kwa adabu. Wamesikitika sana. Lakini funguo mbili kati ya tatu zilikutana, sanduku likafanya lilivyoagizwa, na kilichoandikwa humo hakirudishwi nyuma, hilo ndilo lililowafanya watu wauamini mtandao. Na kwa kuwa ghala halijakamilika, mradi wa Lupiro umefungwa, hakuna fungu jingine.

Wanakikundi wakaitana mle ghalani. Kuta nzuri, zimenyooka, juu mawingu. Maji ya mvua yamesimama sakafuni, vyura wameshahamia. Mzee akasimama akaeleza toka kura mpaka kopo, hakuruka kitu. Alisema jogoo niliyekombolea kopo ndiye aliyekuwa bei ya ghala lenu. Wengine wakataka polisi. Mayunga akasema polisi watamuuliza nani kaibiwa, na jina lililotia saini ni la marehemu, mtaenda kumkamata makaburini? Kicheko kikataka kutoka kikarudi.

Halafu mzee akasema yale aliyokuja kusema. Mabati yangu ni hamsini na mawili. Niliwaambia.

Watu wakaangalia chini. Wengine wakaanza kusema aah mzee, maneno ya mkutano yale. Apolonia akawakatisha. Akasema shemeji alisema mbele ya watu na mpunga umeshaanza kuinama, mwezi wa sita haungoji huruma. Mabati hayo hayatoshi, yatafunika nusu. Nusu ni bora kuliko vyura. Lakini nyumba ya msiba haiezuliwi kabla ya arobaini, hata kama mna haraka namna gani. Mzee akamshukuru. Hakuna aliyeelewa anamshukuru kwa nini, ila yeye alijua: ndiye peke yake aliyelichukua neno lake kama neno.

Arobaini ikafika. Misa asubuhi, watu wakala, akina mama wakakata nyasi za kuezekea upya chumba kimoja cha mzee alale. Mchana vijana wakapanda juu. Kila msumari uliotoka mzee aliupokea chini, akaulaza kwenye jiwe, akaunyoosha kwa nyundo. Yalianza kushuka yale ya nyuma, ya Balbina.

Pikipiki ikasimama barabarani. Careen akashuka, ana mfuko wa mchele mkononi na kitenge kipya. Kila mtu alimuona, vijana juu wakaacha kung'oa. Akatembea mpaka uani, akaangalia juu, jua linaingia mpaka kwenye kitanda cha bibi yake. Lakini alikuwa anamjua babu yake, akafungua mlango ule ule wa utani aliozoea kuingilia.

"Mume wangu," akasema, "unaniezulia nyumba ili nisipate pa kulala?"

Watu wakangoja. Mzee Valeriani hajawahi kukosa jibu la Mke Mdogo tangu binti ana miaka minne. Aliweka nyundo chini. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Karibu, Careen," akasema. "Habari za safari?"

Careen akabaki na mfuko wake mkononi. Jina lile kutoka mdomo ule, ilikuwa kama mtu kammwagia maji. Akainama taratibu, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Bati lingine lilikuwa linashuka, refu, upepo wa bondeni umeshalishika linataka kuruka. Mzee akalidaka mbele. Careen akatupa mfuko akakimbilia nyuma, akanyoosha mikono ashike mkia.

"Wewe kaa kitini, mgeni hafanyi kazi," mzee akamwambia, kwa upole kabisa, kama unavyomwambia mtu aliyetoka mbali. Akageuka.

"Apolonia, njoo ushike huku nyuma. Twende taratibu."